Bwawa linavuja, vigae vinabanduka, na kontrakta asema ni upepo

*"Tuna nyumba Casuarina, Malindi, si mbali na ufuo. Mwaka jana tulijengewa bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4, tukakabidhiwa mwezi wa Mei. Tangu Oktoba maji yanashuka karibu sentimita 3 kila siku. Vigae vya kwenye ngazi vinabanduka, na ukutani kuna michirizi myeupe kama chokaa. Kontrakta ana leseni ya NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi), cheti nimekiona kwa macho yangu. Nikimpigia asema ni jua na upepo wa kaskazi, tena miezi 6 ya dhamana imekwisha. Sasa ataka nimlipe shilingi 180,000 amwage maji yote, apake dawa ya kuzuia maji juu ya vigae. Bado sijamlipa 120,000 ya mwisho. Nimshtaki wapi? Na je, nikubali bwawa limwagwe?"*

Ndugu yangu, nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lisilongoja: usikubali bwawa limwagwe. Si leo, si wiki hii, wala si kwa neno la mtu mmoja aliyesimama ukingoni na pampu mkononi. Mengine yote uliyouliza yana muda. Hili likifanywa vibaya mara moja, hakuna barua wala mahakama itakayokurudishia bwawa lile.

Ardhi ya Casuarina ni mchanga na mawe ya matumbawe, na maji hupita humo bila taabu. Kwa hiyo maji yaliyo chini ya nyumba yako hayakai kimya. Bahari ikijaa nayo hupanda, ikipwa hushuka, kwa kuchelewa kidogo. Siku za bamvua hupanda zaidi. Bwawa lililojaa haliyajali, kwa sababu uzito wa maji ya ndani unalikandamiza chini. Bwawa tupu ni chombo, na chombo majini huelea. Tufanye hesabu ya lako: tukichukulia kuta na sakafu za unene wa sentimita 20 na kina cha wastani cha mita 1.5, zege lote lina uzito wa takriban tani 35. Maji ya ardhini yakipanda mita 1 tu juu ya kitako cha bwawa, yanalisukuma juu kwa tani 37. Hapo bwawa huinuka kona moja, sakafu hupasuka, na mabomba yaliyofukiwa hukatika. Huenda ikawa sentimita chache tu, lakini halirudi tena mahali pake.

Ikilazimu kulimwaga, kuna namna yake. Kwanza huchimbiwa bomba la uchunguzi kando ya bwawa: PVC ya inchi 4 iliyotobolewa matundu, iteremke chini zaidi ya sakafu. Humo hupimwa kimo cha maji wakati bahari imejaa, wala si wakati wa kupwa. Kazi huwekwa siku za maji mafu, nje ya masika, na pampu ya kunyonya maji ya ardhini huwa tayari pale pale. Mhandisi awepo siku hiyo mwenyewe, asitume picha ya simu. Mwulize pia kontrakta kama kwenye sakafu aliweka vali ya kuachilia shinikizo la maji ya chini. Akikuuliza "vali gani?", ushapata jibu.

Sasa twende kwenye upepo wake wa kaskazi. Hapa hakukudanganya moja kwa moja, amekupa nusu ya ukweli. Jua na upepo wa Januari pwani huyachukua maji kweli, na bwawa lisilofunikwa laweza kupoteza milimita 5 hadi 8 kwa siku. Lakini wewe wapoteza milimita 30. Kwa bwawa la mita 8 kwa 4, kila milimita ni lita 32, kwa hiyo kinachoondoka ni lita 960 kila siku. Tukimwachia upepo fungu lake kamili la milimita 8, bado kuna lita 700 na ushei zinazokwenda mahali pengine. Tena haziendi bure. Zinapita chini ya sakafu na kuondoka na mchanga ulioibeba.

Usibishane naye kwa maneno, mpimie kwa ndoo. Chukua ndoo ya kawaida, tia jiwe ndani isielee, uiweke kwenye ngazi ya pili ya bwawa. Ijaze maji ya bwawa lenyewe mpaka kimo cha ndani ya ndoo kilingane na cha nje. Bandika utepe ndani ya ndoo na mwingine kwenye ukuta wa bwawa, kila mmoja mahali maji yanapogusa. Funga bomba la kuongezea maji, zima pampu, na watoto wasiogelee. Baada ya saa 24 pima kwa rula ni milimita ngapi zimeshuka kila upande. Ndoo imepigwa na jua lile lile na upepo ule ule. Ndoo ikishuka 7 na bwawa likashuka 30, basi 23 ni mvujo, na hakuna fundi awezaye kuuita hali ya hewa. Rudia saa 24 nyingine pampu ikiwa inafanya kazi kama kawaida. Mvua ikinyesha katikati, anza upya.

Tofauti ya siku hizo mbili ndiyo inayoonyesha pa kutafuta. Bwawa likipoteza zaidi pampu inapofanya kazi, mtuhumiwa ni mabomba yanayorudisha maji, kwa kuwa hayo ndiyo yenye shinikizo wakati huo. Mshuko ukiwa uleule siku zote mbili, shuku ukuta, sakafu, au vile vifaa vilivyotobolewa ukutani. Ukiona mapovu ya hewa yakitoka kwenye matundu ya kurudishia maji, upande wa kunyonya una mwanya.

Kisha liache lishuke lenyewe, huku ukiweka alama kila asubuhi. Pindi maji yakifika chini ya mdomo wa skima, yaani lile tundu la ukutani linalofyonza maji ya juu, zima pampu usiiwashe tena: ikivuta hewa itajikausha na kuunguza sili yake, upate hasara juu ya hasara. Angalia ni wapi kasi inapungua. Yakisita chini kidogo ya skima, mvujo uko pale plastiki ya skima inapokutana na zege, mahali palipo maarufu kwa kuvuja kuliko pengine pote. Yakisita usawa wa taa, ni lile bomba la waya nyuma ya taa ambalo mafundi wengi husahau kuliziba. Usiyaache yashuke chini ya taa. Kwa ardhi yako, kila sentimita inayotoka ndani ni uzito uliopunguza. Ukifika hapo bila jibu, jaza tena, umwite mtu wa kupima mabomba kwa shinikizo.

Pakishukiwa, thibitisha kwa rangi. Rangi ya chakula iliyokolea, ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano, yatosha. Maji yatulie kabisa, pampu iwe imezimwa, uachilie tone moja polepole karibu na ufa au ukingo wa taa. Kama hapavuji, rangi itabaki pale kama wingu dogo. Kama pavuja, utaiona inavutwa kama uzi na kupotelea ndani. Mtu mmoja arekodi kwa simu tangu tone linapotoka.

Neno moja kuhusu hiyo taa kabla hatujaendelea. Mtu yeyote akihisi mtekenyo wa umeme, awe majini au anapogusa kifaa cha chuma ukingoni, wote watoke, umeme uzimwe kwenye swichi kuu, na aitwe fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, siku hiyo hiyo. Hata bila mtekenyo, mwambie ahakikishe saketi ya bwawa ina kikata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Hilo si la kungojea kesi.

Vigae ni habari nyingine, na vina ushahidi wa bure ambao watu wengi huutupa jalalani. Okota kigae kilichobanduka, ukigeuze. Ukikuta gundi imekaa kwa madoa matano, manne pembeni na moja katikati kama upande wa dadu, basi nyuma yake palikuwa na mapango. Ndani ya maji gundi inatakiwa ifunike karibu mgongo wote wa kigae, asilimia 95 ndiyo kipimo kinachotumika, ili maji yasipate pa kukaa. Mgongo ukiwa safi kabisa na gundi imebaki ukutani, huenda gundi ilishaanza kukauka kabla kigae hakijabandikwa, jambo rahisi kutokea kwa jua la Malindi fundi akipaka eneo kubwa mara moja. Na kigae kikiwa kimetoka na ganda la plasta, kosa liko nyuma zaidi, kwenye plasta yenyewe au kwenye zege ambalo halikukwaruzwa wala kusafishwa. Vitie mifukoni, andika tarehe na mahali kilipotoka kila kimoja. Vilivyobaki vigonge kwa sarafu. Kilichoshika hutoa mlio mkavu, kilichoachana na ukuta hulia kama dafu tupu. Chora ramani ya ngazi na kuta ukitia alama ya msalaba kwa kila kinacholia hivyo. Ramani hiyo ya karatasi moja humshughulisha kontrakta kuliko simu 20.

Ile michirizi myeupe idondoshee siki. Ikitoa povu, ni chokaa iliyoyeyushwa kutoka kwenye simiti na kuletwa nje na maji yanayopita nyuma ya vigae. Ni kasoro, ila haiui. Isipotoa povu, na ikayeyuka upesi kwenye maji baridi, yaelekea ni chumvi, na hapo nitakuwa na wasiwasi zaidi. Chumvi ndani ya zege yaweza kutoka kwenye maji ya kisima yenye chumvi yaliyotumika kuchanganyia, au kwenye mchanga wa ufuoni uliotumika badala ya mchanga wa mto. Chumvi huivua nondo kinga inayopewa na simiti. Nondo hushika kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege hupasuka kutoka ndani. Ukiona alama za rangi ya kahawia kwenye nyufa, acha majaribio ya nyumbani. Mwite mhandisi wa miundo aliyesajiliwa na EBK, bodi ya wahandisi ya Kenya, achukue sampuli ya zege ipimwe chumvi na nguvu katika maabara.

Basi hiyo dawa ya 180,000? Hapana. Dawa ya kuzuia maji mahali pake ni kati ya zege na gundi, upande wa nyuma wa kigae. Ukiipaka juu ya vigae vinavyong'aa haishiki, na hata ikishika, vigae vyenyewe vinabanduka, vitaondoka nayo. Kama mvujo uko kwenye bomba la taa, utakuwa umepaka rangi ya bei ghali huku maji yakiendelea kutokea pale pale. Hakuna fundi anayetibu asichokipima, na katika maelezo yako sioni mahali alipopima chochote.

Lakini nawe jipime. Hoja yake ya pili ikifika mbele ya mwamuzi itakuwa kwamba wewe ndiwe uliyeharibu grauti, ile simiti ya kuziba kati ya vigae, kwa kemikali. Maji yenye asidi nyingi huila grauti ya simiti kweli, na vidonge vya klorini vinavyoachwa kwenye skima bila kupimwa hushusha pH siku baada ya siku. Weka pH kati ya 7.2 na 7.6, alkali kati ya 80 na 120, na ugumu wa maji kati ya 200 na 400, hizi mbili za mwisho kwa miligramu kwa lita. Andika vipimo daftarini kila wiki kuanzia sasa. Kama hukuwa ukipima, usidai kuwa ulikuwa ukipima. Kigae chenye madoa matano ya gundi kitajisemea, maana asidi haichagui kula gundi kwa mtindo wa dadu.

Tuje kwenye leseni. Usajili wa NCA, kwa sheria ya mwaka 2011, hukuambia kwamba kampuni inatambulika na imepewa daraja, kuanzia NCA 1 ya juu hadi NCA 8 ya chini. Hauapi kwamba fundi aliyekuja kwako alijua kuziba taa. Na cheti ulichokiona huenda kilikuwa cha mwaka mwingine, kwani leseni huhuishwa kila mwaka. Kagua mambo matatu kwenye tovuti ya NCA na kwenye mkataba: jina la kampuni liwe lile lile uliloandikiana nalo na kulilipa, leseni iwe ilikuwa hai siku kazi ilipofanyika, na aina ya kazi iliyotajwa ihusu ulichojengewa. Mara nyingine mwenye leseni amemwazima mwingine jina tu.

Ukimshtaki kwa NCA, ujue unachokwenda kupata. NCA yaweza kumchunguza, kumsimamisha, hata kumfutia usajili. Haikuandikii hundi ya kurekebisha bwawa. Wengi hupeleka malalamiko kule, wakakaa mwaka mzima wakingoja fidia isiyo kazi ya ofisi ile. Fidia hutafutwa kwa kontrakta mwenyewe, kwa mazungumzo, kwa usuluhishi au mahakamani. Njia hizo hazizuiani, ila soma mkataba wako kwanza. Ukiwa na kifungu kinachosema migogoro iende kwa msuluhishi, mahakama yaweza kusimamisha kesi yako kontrakta akidai kifungu hicho kifuatwe.

Na hiyo miezi 6 anayoishikilia, hebu ihesabu. Ulikabidhiwa Mei. Mei hadi Novemba ni miezi 6. Umesema maji yalianza kushuka Oktoba. Kasoro ilijitokeza ndani ya muda wake, na kama ulimwarifu Oktoba, miezi haimsaidii kitu. Tafuta ujumbe wa WhatsApp, tarehe za simu, picha ulizomtumia. Usifute, usihamishe simu bila kuhifadhi nakala. Mahakamani utazichapisha pamoja na cheti cha ushahidi wa kielektroniki. Na hata kama hukumwarifu wakati ule, kipindi cha dhamana ni muda ambao alikubali kurudi kurekebisha, si kikomo cha haki yako. Madai ya kuvunja mkataba nchini Kenya yana miaka 6, kwa Sheria ya Ukomo wa Madai.

Ile 120,000 endelea kuizuia, lakini izuie kwa maandishi. Kunyamaza na pesa za mtu humpa yeye kesi. Mwandikie kwamba fedha zipo, hazikatwi, zinangoja kasoro zilizoorodheshwa zirekebishwe, kama mkataba unavyoruhusu. Barua yenyewe isiwe ya matusi wala ya kurasa sita. Kitu kama hiki:

*"Kwa mujibu wa mkataba wetu wa tarehe fulani, bwawa lina kasoro zifuatazo: mvujo wa milimita 23 kwa siku uliopimwa tarehe fulani, na vigae 41 visivyoshika kama ramani ilivyo. Naomba uje ukague nami ndani ya siku 14, ulete maelezo ya chanzo na njia ya kurekebisha kwa gharama yako. Bwawa lisimwagwe bila idhini ya mhandisi kwa maandishi. Nitazuia shilingi 120,000 mpaka kazi ithibitishwe. Usipofika, nitamwita mhandisi na fundi mwingine na kudai gharama kwako."*

Tarakimu weka zako. Itume kwa barua pepe na kwa mkono, apokee kwa sahihi. Usilete fundi mwingine kurekebisha kabla siku hizo hazijaisha, isipokuwa jambo la hatari kama umeme. Ukibomoa kabla hajapewa nafasi ya kuona, atasema kasoro umeitengeneza wewe, na ushahidi utakuwa umekwenda na kifusi.

Asipojibu, ripoti ya mhandisi asiye na undugu na upande wowote ndiyo matumizi ya kwanza yenye faida. Iseme chanzo, si dalili tu, na iambatane na makadirio ya gharama. Gharama hiyo ikiwa shilingi milioni 1 au chini, Mahakama ya Madai Madogo ndiyo inayokufaa: waweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ikizidi hapo, ni mahakama ya hakimu, na hapo tafuta wakili. Katika kudai, ipunguze kwenye hesabu ile 120,000 unayoishikilia. Anayedai gharama yote na huku pesa anazo mfukoni huonekana mchoyo, na hakimu huligundua upesi.

Nikupe maoni yangu bila kuzunguka. Kama jaribio la rangi litaonyesha skima au bomba la taa peke yake, pataneni: ni kazi ya siku chache, fundi anayeijua hushusha maji kidogo tu, na kesi itakula muda kuliko matengenezo. Kama robo ya vigae inalia kama dafu, au chumvi na kutu vimeonekana, usikubali kiraka. Dai kazi ivuliwe mpaka kwenye zege, ifanywe upya, chini ya macho ya mhandisi.

Na akikubali kurudi, mwandikishe kabla hajagusa kitu. Mabomba yazibwe ncha na kupimwa kwa shinikizo la bar 2 kwa saa 24, geji ikipigwa picha mwanzo na mwisho. Viungo vya skima na taa viachwe wazi uvione kabla havijafunikwa. Kigae kimoja katika kila kundi kitolewe gundi ikingali mbichi, kigeuzwe, kipigwe picha ya mgongo. Baada ya grauti, maji yasiingizwe kabla ya muda ulioandikwa kwenye mfuko wa grauti hiyo. Mwishowe ndoo irudi kwenye ngazi ya pili, siku 7 mfululizo, yeye na wewe mkisoma rula pamoja kila asubuhi. Siku ya saba ndoo na bwawa vikiwa vimeshuka sawa, mpe 120,000 yake.